Gololi ya Kale Husomwa Kwenye Ncha Zake

Wazee wangu, akina mama, ndugu zangu mliofika hapa kutoka pande zote za mji huu wa Columbus: assalam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na habari za jioni kwenu nyote.

Nimeombwa nizungumze kwa muda wa nusu saa kuhusu gololi za kioo za zamani, namna ya kuzitambua na namna ya kukadiria thamani yake. Nimekubali kwa moyo mmoja, kwa sababu nimeziokota, nimezinunua na kuzichunguza kwa miaka mingi, na kwa sababu wengi wetu katika ukumbi huu tunafanya kazi zinazotuingiza katika nyumba za wazee wa Kimarekani. Tunawauguza majumbani, tunahamisha samani zao, tunasafisha nyumba baada ya wenyewe kufariki, tunapanga vitu katika maduka ya mitumba. Katika nyumba hizo, juu ya kabati la jikoni au chini ya ngazi, mara nyingi hukuta chupa ya mdomo mpana iliyojaa gololi, na chupa hiyo huuzwa mlangoni kwa dola chache na mtu asiyejua kilichomo. Niseme mapema kabisa kwamba kilichomo ndani ya nyumba uliyoajiriwa kina mwenyewe, na ukigundua kwamba kina thamani, mwenyewe au watoto wake ndio wa kuambiwa kwanza. Ujuzi ninaotaka kuwapa leo ni wa kumsaidia mzee asidhulumiwe, na wa kukusaidia wewe siku unaponunua kwa fedha yako halali.

Nilikulia Tanga, na sisi watoto wa mtaani kwetu tulikuwa na gololi za aina mbili. Za kwanza zilikuwa za kioo, zenye jani la rangi katikati, zilizouzwa dukani. Za pili zilikuwa za chuma, tulizozipata gereji kwenye beringi mbovu za magari. Ndugu zangu wa Nairobi mnaziita bano, lakini kwetu zote mbili, ya kioo na ya chuma, ziliitwa gololi, na wala hatukuona ajabu kwamba kitu cha kuchezea na kipuri cha gari vina jina moja. Nilipofika Ohio ndipo nilipojua kwamba lugha yetu imeunganisha vitu ambavyo historia nayo iliviunganisha. Mtu aliyeunda mashine ya kufinyanga gololi za kioo kwa wingi, Martin Frederick Christensen wa Akron, mwendo wa kama saa mbili kwa gari kutoka hapa tulipokaa, alikuwa kwanza amebuni mashine ya kutengeneza gololi za chuma za kwenye beringi. Alichukua maarifa ya chuma akayatia kwenye kioo, na mwaka 1905 akapewa hataza ya mashine yake. Kabla yake, gololi za kioo zilikatwa kwa mkono, moja baada ya moja, na nyingi zilizochezewa nchini Marekani zilikuja kwa meli kutoka Ujerumani.

Hilo ndilo ninaloomba mlishike jioni ya leo. Swali la kwanza mbele ya gololi yoyote ya kale ni hili: kioo hiki kilikatwa namna gani kilipokuwa bado laini? Mtu asiyezoea hutazama rangi, na rangi ni kitu cha kuigwa. Mkato huacha alama kwenye ncha za gololi, na alama hiyo ndiyo inayotueleza gololi ilitengenezwa na mkono au na mashine, katika kipindi gani, na mara nyingine katika kiwanda gani. Shika gololi kati ya kidole gumba na cha shahada, elekeza taa pembeni yake, izungushe polepole, na utafute mahali ambapo michirizi ya rangi inaanzia na mahali inapoishia.

Tuanze na za mkono, kwa kuwa hizo ndizo zenye mengi ya kusoma. Katika milima ya Thuringia nchini Ujerumani kuna mji mdogo uitwao Lauscha, ambao kiwanda chake cha kwanza cha kioo kilianzishwa mwaka 1597. Katikati ya karne ya 19 mafundi wa huko walipata mkasi wa pekee, wenye kikombe kidogo upande mmoja na kisu upande wa pili. Fundi alianza na kiini cha kioo, akakiviringishia nyuzi za kioo cha rangi, akakifunika kwa kioo angavu, akatia tena nyuzi nyingine juu, kisha akauvuta mzigo wote kuwa ufito mrefu huku akiusokota. Ncha ya ufito ikatiwa motoni, ikaingizwa katika kikombe cha mkasi, ikazungushwa mpaka ikawa duara, na ikakatwa. Kwa hiyo kila gololi ya ufito ina makovu mawili, moja kila ncha, na nyuzi zote za ndani na za juu zinatoka kovu moja na kuishia kwenye kovu la pili. Kovu linaweza kuwa na ukwaruzo unaoushika ukucha, linaweza kuwa limesagwa likawa bapa, au limepitishwa motoni likalainika, lakini lipo. Gololi ambayo nyuzi zake zinapita ncha bila kukatika haikutoka kwenye mkasi huo, hata kama muuzaji anaapa.

Ndani ya gololi hizi za ufito mna ulimwengu mzima. Nyingi zina kiini kilichofumwa kwa nyuzi nyembamba mfano wa wavu. Wavu mweupe ndio uliozagaa, wa njano huufuata, na mwekundu au wa buluu ni adimu, na bei hufuata mpangilio huohuo. Nyingine zina kiini kizima kama nguzo, nyingine kiini kilichogawanyika kuwa tepe tatu au nne zenye uwazi katikati, na nyingine tepe moja pana iliyosokotwa. Zipo zinazoitwa ganda la kitunguu, ambazo rangi yake imetapakaa karibu na uso kwa vipande vidogo vilivyovutwa vikawa michirizi mingi isiyohesabika, na ukiitazama kwa karibu huoni mpaka kati ya mchirizi na mchirizi. Zipo zilizonyunyiziwa ulanga, madini yaleyale ambayo watu wa Morogoro wanayajua kutoka milima ya Uluguru, nazo humetameta kama vipande vya fedha ndani ya kioo. Ganda la kitunguu lenye ulanga lina thamani kubwa kuliko lisilo nao. Tena kuna zile zenye mkanda wa kioo cha chembechembe za shaba zing'aazo kama dhahabu, ambazo wakusanyaji huziita Lutz kwa jina la fundi Nicholas Lutz aliyefanya kazi Massachusetts, ingawa zenyewe ni kazi ya Wajerumani. Ukiikuta hii ndani ya chupa, iweke pembeni peke yake, ndani ya kitambaa, kabla hujaendelea na nyingine.

Aina moja ya mkono haikutoka kwenye ufito. Ni ile yenye sanamu ndogo nyeupe ndani yake, kondoo, mbwa, ndege, simba, ambayo wakusanyaji huiita salfaidi. Sanamu hiyo ni ya udongo, na huonekana kama fedha kwa sababu ya hewa nyembamba iliyonaswa kati yake na kioo. Kwa kuwa kila moja ilitengenezwa peke yake, huwa na kovu moja tu, kwa kawaida upande wa chini ya sanamu. Tazama kama sanamu imekaa katikati, kama ni nzima, na kama imenyooka. Wanyama wa kufugwa ni wengi; sura za watu ni chache; sanamu mbili ndani ya gololi moja ni chache zaidi; na kioo kikiwa na rangi, kwa mfano buluu au kijani badala ya kuwa angavu, umeshika kitu ambacho mnada mkubwa utakitangaza kwa picha.

Mtajiuliza kwa nini kampuni nyingi za Kimarekani zilizofuata zilijiita kwa jina la jiwe la akiki, ambalo kwa Kiingereza ni agate. Ni kwa sababu kabla ya kioo kutawala, gololi iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya akiki halisi, lile jiwe la pete zetu, lililochongwa kwa mawe ya kusagia yaliyozungushwa na maji katika mji wa Idar-Oberstein, Ujerumani. Viwanda vya kioo viliiga michirizi yake na kuchukua jina lake. Gololi ya akiki halisi iliyochongwa kwa mkono huitambua kwa vibapa vidogo sana vinavyoonekana juu yake ukiigeuza chini ya taa, kwa maana jiwe lilisagwa upande baada ya upande, halikufinyangwa.

Sasa tuje Ohio. Gololi za kiwanda cha Christensen, ambacho uzalishaji wake ulikoma mwaka 1917, ziko katikati ya njia, nusu mkono na nusu mashine. Mfanyakazi alichota kioo cha moto kwa fimbo ya chuma, kioo cha rangi kilichochanganywa na cheupe, akakiacha kidondoke huku akikizungusha kidogo, mwenzake akakikata kwa mkasi, na tone likaingia kwenye mashine kuviringishwa. Mzunguko ule wa mkono uliacha katika ncha ya juu mchoro mweupe unaofanana na tarakimu 9, na mkasi ukaacha katika ncha ya pili mstari mfupi kama mkia. Tisa juu na mkia chini: ukiviona vyote viwili katika gololi ya kijani, ya kahawia, ya zambarau au ya buluu yenye mawingu meupe, umeshika kioo kilichochotwa na mtu. Ninazipenda hizi kuliko gololi nyingine zozote, nami sifichi, kwa kuwa ndani ya ile tisa unaona mkono wa kibarua ambaye jina lake halikuandikwa popote.

Baadaye tanuri zilifungwa vifaa vya kumimina na kukata kioo vyenyewe, na mkono ukaondoka. Akro Agate, iliyoanzia Akron, ilihamia Clarksburg huko West Virginia mwaka 1914 na ikaendelea mpaka 1951. Alama yake kuu ni mchirizi unaozunguka gololi kutoka ncha hadi ncha bila kukutana na wenyewe, mfano wa kizibuo cha chupa. Zenye rangi mbili zilimwagwa kwa wingi mno na bei yake ni ndogo. Hesabu ya rangi ikipanda hadi tatu, nne au tano, bei nayo hupanda. Angalieni pia rangi moja ambayo wakusanyaji huiita damu ya ng'ombe, nyekundu nzito ya kutu isiyopitisha mwanga, yenye vinyuzi vyeusi ndani yake. Nyekundu ya kawaida haina vinyuzi hivyo, na watu wengi wamelipia nyekundu ya kawaida kwa bei ya damu ya ng'ombe. Peltier, ya mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois, inajulikana kwa gololi zilizochomwa juu yake picha za watu wa katuni za magazeti, sura 12 kwa jumla, na kati ya hizo Kayo ndiye mgumu kupatikana.

Lakini ndugu zangu, nataka nikae kidogo Cambridge, mji mdogo wa Ohio ulio mashariki yetu kwenye barabara kuu namba 70. Huko ilikuwapo kampuni iitwayo Christensen Agate, ambayo haikuwa na uhusiano na yule Christensen wa kwanza ila jina. Ilianza mwaka 1925, na mapema katika miaka ya 1930 ilikuwa imekwisha kufungwa. Katika muda huo mfupi ilitoa rangi kali kuliko za washindani wake wote, chungwa, njano na buluu zinazowaka hata chini ya mwanga hafifu. Gololi yake yenye heshima kubwa kuliko zote ina kioo angavu, cha buluu iliyokolea au cha kaharabu, kilichotapakaa madoadoa ya rangi nyingi juu ya uso wake. Waliipa jina la ndege kanga. Nilipoambiwa hivyo mara ya kwanza nilimkumbuka mama yangu, kwa sababu sisi nasi tulimtazama ndege huyohuyo, kwa madoa hayohayo, tukalipa jina lake vazi la mama zetu. Kanga ya kioo ya Cambridge, ikiwa nzima, huuzwa kwa mamia ya dola. Ndiyo sababu pia huigwa sana, na madoa ya zile za bandia mara nyingi hukaa kama yaliyopakwa, ilhali katika kanga halisi doa limeyeyuka na kuvutika pamoja na kioo.

Kuhusu zile zenye jani la rangi katikati, tulizozichezea utotoni, nitasema kwa ufupi. Wenyewe huziita jicho la paka. Zilianza kumiminika Marekani kutoka Japani baada ya Vita Kuu ya Pili, miaka ya 1950, zikavibana viwanda vya West Virginia mpaka navyo vikaanza kutengeneza za kwao. Bei yake leo ni ya senti. Katika chupa nyingi mtakazozikuta, zaidi ya nusu zitakuwa hizi, na ni vyema kulijua hilo kabla ya kuinunua chupa.

Sasa niingie katika hali ya gololi, ambayo kwa maoni yangu huamua bei kuliko aina yenyewe. Wakusanyaji huipima kwa alama hadi 10. Kuanzia 9 gololi huhesabiwa kuwa kama mpya, 8 ni karibu na mpya, 7 ni nzuri, na chini ya hapo ni ya kujazia pengo. Tofauti ya alama mbili inaweza kukata bei kwa nusu au zaidi. Gololi zilizochezewa hugongana, na kila pigo huacha chini ya uso ufa mdogo wa duara unaoitwa mwezi, kwa kuwa hung'aa kama mwezi mwandamo ukigeuzwa kwenye taa. Hesabu miezi, tafuta vipande vilivyobanduka, pitisha ukucha. Msichanganye kasoro hizo na alama za kuzaliwa, kama povu la hewa, kunyanzi la kioo kilichojikunja kikiwa cha moto, au kovu lenyewe la mkasi, ambazo hazipunguzi bei kwa kiasi hicho kwa kuwa ni sehemu ya utengenezaji.

Na hapa nina jambo linaloniuma hadi leo. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua ganda la kitunguu kubwa, zaidi ya inchi moja na nusu, lenye ulanga, nyekundu na njano, uso wake ukiwa umefifia kwa mikwaruzo. Nilimpelekea mtu mmoja mwenye mashine ya kusugua kioo, akaniahidi kulirudisha kama lilivyotoka tanurini. Lilirudi likimeremeta. Nilipolipeleka mnadani, mthamini aliligeuza mara moja tu, akaniuliza makovu yake yako wapi. Yalikuwa yamesagwa yakatoweka, na pamoja nayo uso wa asili, na thamani ikashuka chini ya nusu ya kile ambacho lingepata pamoja na mikwaruzo yake yote. Nimelihifadhi na sitaliuza, maana nikilitazama naona kwamba niliufuta mkono wa fundi nikiwa nadhani nausafisha. Kwa hiyo nawasihi: msisugue, msipake dawa ya meno wala unga wa kung'arishia, na msizitie kwenye maji ya moto kisha ya baridi, kwa kuwa kioo cha zamani hupasuka ndani kwa mshtuko huo. Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo na kitambaa laini vinatosha, na kila gololi ioshwe peke yake.

Kipimo nacho kina neno lake. Gololi ya mashine ya kawaida ina kipenyo cha inchi 5/8, yaani karibu milimita 16. Ikizidi inchi 3/4 katika viwanda vya zamani, imeanza kuwa adimu. Katika za mkono, kubwa zinapatikana, ila kubwa iliyo nzima ni ya kutafuta. Nunueni kipimo cha kalipa, ni cha bei ndogo, na lenzi ya kukuza mara 10. Taa ya mionzi ya urujuanimno nayo inafaa, kwa kuwa kioo chenye urani huwaka kijani chini yake, lakini mafundi wa leo nao hutumia kioo hicho, kwa hiyo mwako huo si ushahidi wa umri. Gololi zikikutwa ndani ya boksi lake la awali, msizitoe wala msichanganye, kwani mara nyingi boksi lina thamani kuliko kilichomo, na mpangilio wa ndani ni sehemu ya ushahidi.

Mkishatambua mlichonacho, tafuteni bei iliyolipwa, na msidanganyike na bei iliyoandikwa. Mtu anaweza kuandika dola 500 juu ya jicho la paka na likakaa hapo mpaka mwisho wa dunia. Minada huchapisha matokeo yake. Tafuteni gololi ya aina ileile, kipimo kilekile na hali ileile, angalau tatu, kabla hamjataja bei.

Mama mmoja alinikabidhi chupa yake mlangoni nilipokuwa naingia, akaniomba niitazame. Kwa ruhusa yake nimetoa moja, na ninaomba taa hii isogezwe. Ni ya kijani kilichokolea yenye mawingu meupe, na kalipa inasoma milimita 18. Sioni nyuzi wala kovu la ufito, basi ya Lauscha siyo. Naigeuza juu: mchirizi mweupe unajikunja, unazunguka, unashuka, hiyo ni tisa. Naigeuza chini: mstari mfupi, huo ni mkia. Naona mwezi mmoja pembeni, mdogo, na hakuna kilichobanduka. Uso ni wa asili, haujaguswa na mashine. Kwangu ni kazi ya Akron ya kabla ya 1917, hali yake ningeiandika 8 na nukta kadhaa, na bei yake ni makumi ya dola. Mama, karibu mbele uipokee, nasi tuitoe inayofuata.